APF kwenye CW (Morse ya redio): kwa nini filta ya kilele inatoa Morse dhaifu kwenye kelele, na kwa nini usitegemee miujiza

Tuanze na kolsaini za kwetu, yaani majina ya hewani ya vituo vya redio. Mtu wa redio ya ridhaa aliyeko Tanzania kolsaini yake inaanza na 5H, na kwa Morse 5 ni nukta tano na H ni nukta nne, yaani kabla hajafika kwenye namba inayofuata ashakurushia nukta tisa mfululizo bila kistari hata kimoja. Sasa angalia majirani zake kwenye orodha ya dunia. HH ni Haiti, nukta nne na nukta nne. HS ni Thailand, nne na tatu. HI ni Jamhuri ya Dominika, nne na mbili. Wote hao ni nukta tupu, na tofauti kati ya Dar na Port-au-Prince ni nukta moja tu. Signali ikiwa na nguvu hakuna shida, mtu yeyote aliyezoea anasikia. Lakini ikiwa iko chini kabisa, imezama kwenye ule mvumo wa shhhh, kukosea nukta moja ni kitu cha kawaida sana, na hapo ndo watu wanaanza kuminya vitufe vya filta mmoja baada ya mwingine wakitafuta wokovu.

Kitufe kimojawapo kimeandikwa APF, yaani Audio Peak Filter. Ni filta ya sauti yenye kilele, inainua toni moja kidogo na kuacha zingine chini yake. Wapo wanaoiapia na wapo wanaosema haifanyi chochote ila kubadilisha ladha ya kelele, na ukweli ni kwamba wote wana hoja, inategemea umeiwasha wapi, na signali gani, na sikio la nani.

Kwanza hesabu ya kelele, manake bila hiyo mengine hayaeleweki. Kelele inayotoka kwenye antena na kwenye redio yenyewe imesambaa sawasawa kwenye frikwensi zote unazosikiliza, kwa hiyo ukipunguza upana wa filta kwa nusu, nusu ya kelele inaondoka, ni desibeli 3. Toni ya Morse yenyewe ni nyembamba sana, haihitaji upana mkubwa, kwa hiyo inabaki vilevile. Kutoka filta ya sauti ya mtu ya hezi 2400 kwenda filta ya CW ya hezi 500 unapata karibu desibeli 7. Kutoka 500 kwenda 50 unapata nyingine 10 kamili. Kwa karatasi basi, filta ya hezi 50 ingekuwa kama kumwambia yule mtu wa upande wa pili aongeze nguvu mara kumi, wati 10 ziwe 100, bila yeye kugusa chochote. Nani asingetaka hiyo.

Tatizo ni kwamba ile hesabu imesahau sikio.

Sikio la binadamu lenyewe lina filta ndani. Harvey Fletcher wa maabara za Bell kule Marekani aliliandika hili vizuri mwaka 1940: ukisikiliza toni ndani ya kelele, kelele inayoificha ile toni ni ile tu iliyo karibu nayo kwa frikwensi, ile ya mbali unaisikia ndiyo lakini haikuzuii kuipata toni. Watafiti wa baadaye wakatoa fomula ya upana wa hiyo filta ya sikio, inayotumika sana ni ya Glasberg na Moore ya 1990, na ukiingiza namba unapata kwamba kwa toni ya hezi 500 sikio zima linafanya kazi kama filta ya hezi 79 hivi. Kwa toni ya 700 ni kama 100. Kwa toni ya 1000 ni 133. Na ukishuka hadi 400 ni 68.

Rudi sasa kwenye ile ahadi ya desibeli 10. Ulikuwa na filta ya hezi 500 kwenye redio, lakini ubongo wako haukuwa unapambana na kelele ya hezi 500, ulikuwa unapambana na ya hezi 80 kama toni yako ni 500. Ukiwasha APF yenye upana wa hezi 30, na kwa sababu mteremko wake ni laini kelele inayopita ni kama ya filta ya mraba ya hezi 47, faida halisi ni tofauti ya 80 na 47. Desibeli 2 na kitu. Ukiwa mtu wa toni ya 700 unapata kama 3. Na APF pana zaidi, tuseme hezi 60, kwa sikio zima na changa kwenye toni ya 700 kwa karatasi haikupi karibu chochote! Ndo maana kijana wa miaka ishirini na mzee wa miaka sabini wanaweza kukaa kwenye redio moja, mmoja akasema hiki kitufe hakina maana na mwingine akasema hawezi kuishi bila hicho.

Manake filta ya sikio haibaki vilevile maisha yote. Usikivu ukipungua, ule wa uzee au wa kelele za kazini, filta za ndani zinapanuka, na hata kwa sikio zima zinapanuka ukiweka sauti kubwa. Hilo la sauti kubwa watu wengi hawalijui. Signali ikiwa dhaifu mkono unaenda wenyewe kwenye volyumu, unaongeza, unaongeza, mwisho kelele inapiga kichwani na sikio lenyewe limekuwa butu. Mzee ambaye filta yake ya ndani imeshakuwa ya hezi 150 au 200, APF ya 60 inamrudishia kitu alichokuwa nacho zamani. Na hata kwa kijana kuna suala la kuchoka, kusikiliza mvumo mpana saa tatu za usiku kwenye mashindano ni kazi ya mwili, na mvumo uliopunguzwa pembeni unachosha kidogo.

Afu usidharau desibeli mbili. Kwenye signali yenye nguvu desibeli mbili hata huzisikii, lakini kule chini kabisa ambako unapata herufi moja kati ya tatu, desibeli mbili zinaweza kukupeleka kwenye herufi mbili kati ya tatu, na kolsaini ikirudiwa mara tatu unaikamilisha. Huko ndiko APF inakoishi, kwenye kile kipande chembamba kati ya "kuna mtu pale" na "nimempata". Juu ya hapo huihitaji. Chini ya hapo haikusaidii.

Sasa swali la haki: kama nyembamba ni nzuri, si tuende hezi 10 tu tumalize?

Hapa lazima tuongee kuhusu filta kama kitu kinachokumbuka. Filta ya resonansi ni kama bembea, haianzi kwa kasi yake yote siku ya kwanza unapoisukuma na haisimami ukiacha kuisukuma, na jinsi ilivyo nzito na laini ndivyo inavyochukua muda kupanda na muda kutulia. Filta nyembamba ndo bembea nzito. Kwa hesabu, kipimo cha muda wake wa kutulia ni 1 gawanya kwa pai mara upana. Hezi 60 inakupa milisekunde 5. Hezi 30 ni karibu 11. Hezi 10 ni 32.

Weka hizo namba pembeni ya nukta zenyewe. Kipimo cha kasi ya Morse ni neno PARIS, lina urefu wa nukta 50 ukihesabu na nafasi zake, kwa hiyo urefu wa nukta moja kwa milisekunde ni 1200 gawanya kwa maneno kwa dakika. Maneno 20 kwa dakika, nukta ni milisekunde 60, na nafasi kati ya nukta na nukta nayo ni 60. Filta ya hezi 30 ndani ya hizo 60 za ukimya inashuka karibu desibeli 49, yaani kimya kabisa, nukta inayofuata inaanza kwenye meza safi. Filta ya hezi 10 inashuka desibeli 16 tu, na hata hiyo nukta yenyewe haikuwahi kufika kileleni, iliishia kama asilimia 85 ya urefu wake kabla haijakatwa. Bado unaweza kutofautisha, ukijitahidi, kama hakuna kelele. Lakini kama hakuna kelele ulikuwa unataka filta ya nini.

Na kelele ndo yenye ubaya mkubwa zaidi hapa, kuliko hata hiyo mikia ya nukta. Kelele ikipita kwenye filta nyembamba inaacha kuwa shhhh. Inakuwa toni, toni ileile ya signali unayoitafuta, inayopanda na kushuka ovyo. Inapanda na kushuka kwa kasi gani? Kwa kasi ya kumbukumbu ya filta. Filta ya hezi 300, kelele inabadilika kila milisekunde moja hivi, sikio linaisikia kama mchanga tu. Filta ya hezi 10, uvimbe mmoja wa kelele unadumu milisekunde 30, 40, 60... unaona tunakoelekea. Urefu wa nukta! Kelele inaanza kukutumia Morse. Kila aliyewahi kuweka filta nyembamba kupita kiasi anaijua hiyo hali, ile sauti kama upepo kwenye mdomo wa chupa, na ndani yake unasikia E, I, S, H, 5, vyote vya bure, hakuna mtu aliyevituma. Ukirudi kwa yule mtu wetu wa 5H na nukta zake tisa utaelewa kwa nini yeye ndo wa kwanza kuumia.

Chama cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, kina mfano wake wa zamani wa upana unaohitajika kwa Morse ya mkono, unaandikwa 100HA1A: maneno 25 kwa dakika, hezi 100. Hesabu yake ni kasi ya bodi (baud) 20, yaani vipande 20 vya urefu wa nukta kwa sekunde, mara 5, na hiyo 5 ni ya njia zenye signali inayopanda na kuzama, kama njia ni tulivu unatumia 3 na inakuwa hezi 60. Sio sheria ya filta yako, ni ya upana unaoruhusiwa kuchukua hewani, lakini ni kipimo kizuri cha akili, kwamba ukishuka chini sana ya hapo kuna kitu unakipoteza, na kwa maneno 12 kwa dakika unaweza kushuka nusu yake bila shida.

Nimefika kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kiini cha APF, na ni umbo lake. Upana ni nusu ya habari tu. Chukua filta mbili zote zimeandikwa hezi 50. Moja ni ya kuta, juu ni bapa na pembeni inaporomoka wima, ndo zile za DSP, filta za hesabu za kidijitali ndani ya redio, zinazojisifia kwenye brosha. Ya pili ni ya kilele, resonansi moja tu, inaanza kushuka palepale pembeni ya kilele lakini inashuka taratibu. Ya kuta inakata kila kitu nje, na bei ya kuta ni kumbukumbu ndefu, kadiri kona inavyokuwa kali ndivyo filta inavyovuma zaidi baada ya kila nukta na kila kishindo. Ya kilele haina kona. Ukichukua resonansi ya hezi 600 yenye upana wa 60, hezi 125 pembeni umeshuka desibeli 12 tu, ukifika 900 ni kama 18. Vitu bado vinasikika! Kelele pana bado ipo nyuma, imeinama tu, na ile kelele pana ubongo unaihitaji kama sakafu ya kulinganishia, unasikia toni imesimama juu ya sakafu badala ya kusikia toni ndani ya toni. Na mtu akikuita hezi 100 pembeni kwa sababu hakuzingatia zero beat, yaani hakujiweka sawasawa kwenye frikwensi yako, unajua yupo. Kwenye filta ya kuta huyo mtu hajawahi kuzaliwa.

Kwa hiyo APF inavaliwa juu ya filta nyingine. Unaacha filta ya kawaida ya redio kwenye 250, 400, hata 500, halafu unaweka kilele katikati yake. Ukikuta mtu ameweka DSP hezi 50 na APF juu yake kisha anasema APF haisikiki tofauti, bila shaka haisikiki, kilele kimekosa mlima wa kupanda.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko DSP, tena kwa mbali. Baada ya vita vya pili vya dunia masoko ya vitu vya jeshi Marekani yalijaa filta za FL-8, zilitoka kwenye ndege, rubani alikuwa anafuata njia kwa kusikiliza toni ya hezi 1020 iliyokuwa inatuma herufi A upande mmoja wa njia na N upande mwingine, na ukiwa katikati zinaungana kuwa toni moja isiyokatika. Hiyo filta kazi yake ilikuwa kutenga toni ya 1020 na maneno ya mtu anayeongea kwenye masafa hayohayo. Watu wa CW wakaona hii si ndo yetu. Baadaye zikaja koili za mviringo za milihenri 88 zilizong'olewa kwenye laini za simu, ukiweka na kapasita ya karibu mikrofaradi 0.59 unapata resonansi ya hezi 700, na kizazi kizima cha maham, watu wa redio ya ridhaa, kilijenga filta zake na hizo. Kulikuwa pia na ile Q-multiplier, Heathkit waliuza yao ya QF-1 miaka ya 50, ila hiyo ilifanya kilele kulekule kwenye IF, frikwensi ya kati ndani ya redio, badala ya kwenye sauti, ni shangazi wa APF tuseme. Leo ni namba tu ndani ya chipu: Elecraft waliingiza APF kwenye K3 kwa kusasisha programu, Yaesu wanakupa nobu ya kusogeza kilele hadi hezi 250 huku na huku, Icom kwenye redio zao kubwa wana mpana, wa kati na mwembamba. Programu nyingi za SDR, redio zinazoendeshwa na kompyuta, nazo zinayo.

Kinachowaangusha watu wengi ni kutaka APF itibu ugonjwa ambao si wake. APF iko mwishoni mwa mnyororo, kwenye sauti. Kila kilichoharibika kabla yake kimeshaharibika. Mfano wa wazi ni AGC, ule mfumo wa redio kujishusha sauti yenyewe ikikutana na signali kubwa. Una mtu dhaifu kwenye kilele chako, na hezi 200 pembeni kuna kituo kinapiga S9, yaani kina nguvu sana. Masikioni APF imempunguza yule mkubwa, lakini AGC inamwona mzima, na kila akibonyeza ufunguo redio nzima inazama, pamoja na mtu wako. Wewe unasikia mtu wako anakatika ovyo na unalaumu hali ya hewa. Dawa hapo ni filta ya mbele, ile ya IF au ya kuta za DSP iliyo ndani ya mzunguko wa AGC, au kuzima AGC kabisa na kushika geini ya RF (ukuzaji wa signali mwanzoni mwa redio) kwa mkono. Kwenye zile redio ndogo za kujenga mwenyewe, direct conversion, zinazogeuza signali kuwa sauti moja kwa moja bila IF, kuna jingine: upande wa pili wa zero beat unasikika na wenyewe, na APF haijui kutofautisha toni ya 600 ya juu na toni ya 600 ya chini, kwake zote ni 600.

Na kuna radi. Huku kwetu lazima tuiongelee, kwa sababu mashariki ya Kongo na Ziwa Victoria ni katika sehemu zenye radi nyingi kuliko karibu zote duniani, na ziwani radi zinapiga hasa usiku, muda uleule ambao bendi za 160, 80 na 40 zimefunguka. Mkwaruzo wa radi ni kitu kifupi chenye frikwensi zote. Ukiingia kwenye resonansi ni sawa na kupiga kengele kwa nyundo: ulikuwa "krak", unatoka "ting", kwa toni ya kilele chako, wenye mkia. Mikwaruzo mitatu ya haraka inatoka kama S. Kwa hiyo kinachokata mikwaruzo, iwe noise blanker (kizima-mikwaruzo cha redio) au hata limita ya diodi mbili tu, lazima kiwe kabla ya filta nyembamba, ikishapita kwenye resonansi huwezi kuikata tena maana imeshakuwa toni. Na usiku ambao radi ni nyingi kweli mimi ningezima APF nikafungua filta hadi 500, acha krak ibaki krak, sikio linaijua na kuiruka.

Hiyo ni sababu pia ya mpangilio ninaoupenda, na anayetaka kubishana abishane. Kabla ya APF shusha toni. Kama redio imekuja na CW pitch ya 700 ipeleke 500 au 450, bure kabisa, na filta ya sikio lako imejipunguza yenyewe. Kisha shusha volyumu, vaa hedifoni, punguza geini ya RF mpaka kelele iwe chini lakini isipotee. Kisha filta ya kawaida, 300 hivi. Mtafute mtu wako, mweke katikati kwa RIT, nobu ya kusogeza upokeaji peke yake, na hapo kitufe cha SPOT, kinachokupa toni ya kulinganishia, kinafaa manake ukiwa nje ya kilele kwa hezi 30 unampunguza badala ya kumwongeza. Halafu ndo APF. Iwashe na kuizima katikati ya kolsaini yake, mara mbili tatu, usiangalie kitufe, sikiliza unapata herufi lini zaidi. Ikiwa jibu ni "sijui", izime.

Kama unataka kufanyia majaribio bila kusubiri mtu dhaifu ajitokeze, kuna bikoni za NCDXF (Northern California DX Foundation), vituo vinavyotuma vyenyewe kwa ratiba. Ni 18 duniani, zinapokezana kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz, kila moja ina sekunde 10 zake na mzunguko unajirudia kila dakika 3. Ya Kenya ni 5Z4B, kwenye 14.100 zamu yake inaanza dakika 1 na sekunde 50 baada ya mzunguko kuanza, mara tu baada ya ZS6DN ya Afrika Kusini. Uzuri wake ni namna inavyotuma: kolsaini kwa kasi ya maneno 22 kwa dakika, halafu vistari vinne vya sekunde moja moja, cha kwanza wati 100, cha pili 10, cha tatu 1, cha nne 0.1. Kila kistari desibeli 10 chini ya mwenzake! Mtu aliye mbali, tuseme Ulaya au Ghuba, anakaa na saa, anasikiliza vinasikika vistari vingapi bila APF, dakika tatu baadaye anasikiliza tena na APF. Aliye Dar au Kampala achague ya mbali, 4S7B ya Sri Lanka au OH2B ya Finland au JA2IGY ya Japani. Hali ya mawimbi inabadilika kati ya mizunguko kwa hiyo fanya nyingi. Usitegemee APF ikuletee kistari kizima kipya kila mara, hatua ni desibeli 10 na wewe una 2 au 3 mkononi, utakachokisikia ni kwamba kile kistari cha mwisho kilichokuwa kinakisiwa sasa kipo, kina mwanzo na mwisho. Vistari vya sekunde moja hata filta nyembamba kupita kiasi inavipenda, na ndo mtego wenyewe, kwa hiyo sikiliza pia ile "5" mwanzoni mwa 5Z4B na "4" katikati, nukta tano dhidi ya nukta nne na kistari, kwa kasi hiyo nukta ni milisekunde 54 na nusu. Kama vistari vimeongezeka lakini 5 na 4 zimeanza kufanana, umebana mno.

Na ambaye redio yake haina APF, hasa hizi kiti ndogo za QRP, yaani za nguvu ndogo, anajenga kwa opampu moja. TL072 au ndugu zake, umeme wa 12V, mguu wa chanya umeshikwa kwenye 6V kwa rezista mbili za 10k na kapasita ya mikrofaradi 47 kwenda chini (ground). Sauti inaingia kwa kapasita ya kuzuia DC, inapita rezista ya 62k mpaka kwenye nodi. Kutoka hiyo nodi: kapasita ya 22 nF inakwenda mguu wa hasi wa opampu, kapasita nyingine ya 22 nF inakwenda kwenye tokeo, na rezista ya om 390 ikifuatana na trima ya 500 inakwenda chini. Kati ya tokeo na mguu wa hasi weka 240k. Basi. Kilele kiko karibu na hezi 600 trima ikiwa katikati kidogo, upana ni hezi 60, sauti inaongezeka karibu mara mbili kwenye kilele.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba trima inahamisha kilele, kutoka kama 500 hadi 750, bila kugusa upana, upana unashikwa na ile 240k na kapasita tu. Ukitaka hezi 30 weka 470k, ila ujue kilele kitahama, hiyo 390 ipunguze iwe 100 au 150 maana jumla inayotakiwa kwenda chini sasa ni kama om 310. Kapasita ziwe za filamu, zile za seramiki za bei rahisi zinahama na joto, na hata za filamu zenye kosa la asilimia 5 zinaweza kukuhamishia kilele hezi 30, nusu ya upana mzima, kwa hiyo trima usiiruke ukadhani ni mapambo. Iweke baada ya filta iliyopo na kabla ya ampu ya hedifoni, na swichi ya kuiruka, swichi ni muhimu kama filta yenyewe. Kuiseti usitumie signali ya hewani, tumia sidetone, ile toni unayoisikia ukituma, ya redio yako mwenyewe, manake hiyo ndo toni ambayo ukimleta mtu hapo utakuwa unamjibu kwenye frikwensi yake: bonyeza ufunguo, zungusha trima taratibu mpaka sauti iwe kubwa kuliko pengine pote, halafu iache hapo.